Kutoka Kilo 190 Hadi Kilo 48: Kisa cha Kikundi cha Kupukuchua Mahindi Mkoani Njombe

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja kati ya Makambako na Njombe, kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Jina la kijiji, majina ya wanakikundi na ya muuzaji wa injini nimeyaondoa. Wenyewe waliridhia kiandikwe, ili kikundi kingine kinachofikiria kuachana na injini nzito kisianze gizani kama walivyoanza wao. Mimi ni fundi mitambo. Niliitwa injini yao ilipokwisha kufa, nikawa nao mpaka mahindi ya mwisho yalipoingia kwenye magunia.

Kikundi na mashine yao

Wanachama ni 11, saba kati yao wanawake. Kazi yao ni kupukuchua mahindi ya watu kwa malipo ya kila gunia. Mahindi ya huku hukaa shambani muda mrefu, kwa hiyo msimu wao huanza mwishoni mwa Juni na kwenda mpaka Septemba. Mashine ndiyo inayomfuata mkulima, kitongoji kwa kitongoji, ukingo kwa ukingo, kwa sababu kubeba mahindi yenye magunzi yake ni kubeba mzigo usiouzika.

Injini yao ilikuwa ile ya silinda moja iliyolala, ya dizeli, hospawa (nguvu za farasi) 22, mizunguko 2,200 kwa dakika, inayopozwa na maji yaliyo kwenye tanki juu ya silinda. Uzito wake ni karibu kilo 190, bila fremu. Kila fundi wa Nyanda za Juu Kusini anaijua. Asubuhi za Julai, sakitu ikiwa bado imelala juu ya majani, walikuwa wanachemsha maji kwenye sufuria na kuyamimina tankini ili silinda ipate joto kabla ya kupiga hendeli. Jioni walifungua koki wakayamwaga yote, kwa hofu ya baridi kuyagandisha usiku na kupasua bloku.

Kuipandisha kwenye pikapu kulitaka watu sita na mbao mbili nene, na pikapu haikuwa yao. Katibu wa kikundi ni mama makini sana, ana daftari lenye kila shilingi iliyotoka. Tulipojumlisha msimu uliotangulia, tulikuta kwamba katika kila shilingi 10 walizotumia, 4 zilikwenda kwa mwenye pikapu na 3 kwenye dizeli. Zilizobaki ni vibarua na vipuri. Hesabu hiyo ndiyo iliyoongoza kila kilichofuata, na naomba msomaji aishike.

Injini inakufa

Katikati ya Julai belingi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ilianza kugonga. Kijana anayeendesha aliisikia, akasema. Lakini kulikuwa na foleni ya kaya tano zilizokuwa zinangoja na mnunuzi alikuwa ameshatoa tarehe, wakaendelea siku mbili zaidi. Siku ya tatu ikakwama. Nilipoifungua nilikuta krenki, yaani shafti kuu inayozunguka, imechubuka kiasi cha kutotamanika, na ringi za pistoni zimekwisha. Injini ingepona, ila kwa krenki mpya, belingi, pistoni na sliva (bomba la ndani ya silinda), na wiki mbili za kungoja katikati ya msimu.

Mkutano chini ya mparachichi

Walikutana nyumbani kwa mwenyekiti. Baada ya kamwene, salamu ya huku, na uji, kijana mwendeshaji alitoa simu yake. Alikuwa na video za injini za ajabu: moja haina pistoni inayopanda na kushuka bali kitu cha pembetatu kinachozunguka, nyingine ina pistoni mbili zinazoelekeana ndani ya silinda moja. Zote nyepesi, na maelezo yanasema hazili mafuta.

“Fundi,” akasema, “hawa wenzetu wana injini unayoweza kuibeba begani. Sisi kwa nini tunaua migongo?”

Mwenyekiti, mama wa makamo ambaye ndiye anayelipa pikapu, akamgeukia. “Mwanangu, nguvu yake ni sawa na ya hili letu?”

Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wenye vyeti, na nililijibu kwa urefu. Naliweka hapa karibu kama nilivyolisema, kwa sababu vijana wengi wanaziona video hizo.

Injini za kwenye simu

Injini hupunguzwa uzito kwa njia chache. Ya kwanza ni malighafi. Chuma cha kusubu kina uzito wa gramu 7.2 kwa kila sentimita ya ujazo, alumini ina 2.7. Ya pili ni mwendo: injini ndogo ikizunguka haraka inaweza kutoa nguvu sawa na kubwa inayozunguka polepole, kwa kuwa inawaka mara nyingi zaidi kwa dakika. Ya tatu ni kuondoa vipande, na hapo ndipo wabunifu wamehangaika kwa zaidi ya miaka mia.

Ile ya pembetatu ni kazi ya Mjerumani Felix Wankel. Injini yake ya kwanza iliwaka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU, na Mazda wa Japani wakaiingiza kwenye gari la Cosmo mwaka 1967. Haina valvu wala konrodi, kwa hiyo ni ndogo na nyepesi kwa nguvu inayotoa, na inazunguka laini. Tabu yake iko mahali pawili. Chumba cha kuwakia ni kirefu na chembamba, hivyo joto jingi huishia kwenye kuta na sehemu ya mafuta hutoka bila kuungua. Halafu kwenye ncha za ile pembetatu kuna vizibo vinavyosugua ukuta muda wote, navyo huchakaa na kutaka oili. Mazda waliacha kutengeneza gari la RX-8 mwaka 2012. Mwaka 2023 wakairudisha injini hiyo kwa kazi nyingine: kuzungusha jenereta ndani ya gari la umeme la MX-30, mahali ambapo udogo wake una faida na ambapo inaweza kufanya kazi kwa mwendo inaoupenda. Kule Marekani kampuni ya LiquidPiston imeigeuza fikra ya Wankel ndani nje, vizibo vikakaa kwenye ganda la injini badala ya kwenye rota, kile kipande kinachozunguka, ili viwe rahisi kulainishwa. Ni ubunifu ninaoufuatilia kwa hamu.

Ile ya pistoni zinazoelekeana ni ya zamani zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye hoja nzito zaidi upande wa mafuta. Silinda haina kichwa. Pistoni mbili zinakutana katikati, mafuta yanapulizwa kati yao, zinasukumana. Kichwa cha silinda katika injini ya kawaida ni mahali joto linapovuja, kwa hiyo ukikiondoa, joto jingi zaidi linabaki kusukuma pistoni, na valvu zote na mitambo yake vinaondoka pamoja nacho. Junkers wa Ujerumani walirusha ndege kwa injini ya namna hii miaka ya 1930, Jumo 205, silinda 6 zenye pistoni 12, ya dizeli. Waingereza waliiweka kwenye malori ya Commer mwaka 1954, silinda 3 zenye pistoni 6. Hizi si ndoto za kwenye simu. Zilibeba watu na mizigo. Shida iliyozisumbua miaka mingi ni kwamba matundu ya kuingizia hewa na kutolea moshi yako kwenye ukuta wa silinda, ringi zinapita juu yake kila mzunguko, na oili huponyokea humo ikaungua pamoja na moshi.

Nikamaliza kwa kumwambia kijana kwamba kiu yake ni ya haki kabisa. Lakini injini tutakayoinunua wiki hii lazima ringi yake ipatikane Makambako, na zile hazina duka huku.

Njia tatu na iliyochaguliwa

Zilibaki njia tatu. Kutengeneza ile ya zamani. Kununua ya petroli ya alumini, hospawa 13, kilo kama 31, bei ndogo kuliko zote. Au kununua dizeli nyepesi ya kupozwa kwa hewa, silinda moja iliyosimama, sentimita za ujazo 418, kilo kama 48, ambayo karatasi yake ilisema hospawa 9 kwa mwendo wa mizunguko 3,000.

Ya petroli iliwavutia wengi kwa bei na kwa uzito. Tuliipiga hesabu kwenye daftari la katibu. Lita moja ya petroli ina nishati ya joto ya karibu kilowati-saa 9, na injini ndogo ya aina hiyo huifikishia puli kama 2. Lita ya dizeli ina karibu 10, na injini ndogo ya dizeli hufikisha kama 3. Sababu kubwa ni mgandamizo. Dizeli hubana hewa mara 18 au 20 kabla ya kuwasha, petroli mara 8 au 9, na kadiri hewa inavyobanwa zaidi ndivyo joto linavyopata nafasi ya kupanuka na kusukuma. Kilo zile 17 za ziada katika dizeli ndizo kuta na krenki zinazostahimili mgandamizo huo. Nilitaka walione hilo waziwazi: katika mashine hizi mbili, iliyo nzito kidogo ndiyo inayokula kidogo.

Wakachagua dizeli nyepesi, waifunge kwenye mashine ileile ya kupukuchulia. Hoja yao ilikuwa pikapu. Kilo 48 watu wawili wanazinyanyua, na fremu ikikatwa kuwa fupi, kila kitu kinapanda kwenye toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ya mwanachama mmoja. Hoja hiyo ilikuwa sahihi. Tulichokikosea, mimi nikiwemo, ni kila kitu kilicho kati ya puli ya injini na punje ya hindi.

Wiki ya kwanza

Injini ilifika mchana, jioni ikawa imefungwa, na kesho yake ikaenda kazini na puli ya zamani ya inchi 6. Ngoma ya mashine ina puli ya inchi 16. Injini ya zamani kwa mizunguko 2,200 iliizungusha ngoma mara 825 kwa dakika. Mpya, kwa 3,000, ikaizungusha mara 1,125. Mahindi yalitoka haraka, watu wakapiga makofi, na jioni mkulima akaingiza mkono kwenye gunia akatoa punje zilizovunjika. Mnunuzi anayechambua mahindi kabla ya kupima hayapokei hayo. Kikundi kiliacha malipo ya magunia ya siku hiyo, na mwenyekiti akaenda mwenyewe kumwomba radhi mkulima.

Siku ya pili moshi mweusi. Ukilisha mashine kama ulivyozoea, injini inalemewa, eksozi inatoa wingu, mwendo unashuka. Hapa ndipo urefu wa mlima ulipotudai. Karatasi ya injini hupimwa karibu na usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo, feni inayosukumia silinda hewa zaidi) hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Kwa mita 1,900, hospawa 9 zinabaki 7 na ushee. Pampu ya dizeli haijui kwamba hewa imepungua, inaendelea kupuliza mafuta yaleyale, na yasiyopata hewa ya kuunguzia hutoka kama moshi. Injini ya zamani nayo ilikuwa inapunjwa miaka yote, lakini kwa kuwa ilikuwa na 22, zilizobaki kama 18 zilitosha na kusaza. Nguvu yake ya ziada ilikuwa inaficha upungufu huo.

Siku ya nne ikazimika yenyewe, imechemka. Injini ya kupozwa kwa hewa ina mapezi kwenye silinda na feni inayopuliza kati yake. Mashine ya kupukuchulia inarusha makapi na vumbi jekundu la magunzi. Tulipofungua kava, tulikuta mapezi yamezibwa kama kiota cha ndege, na chujio la hewa limejaa. Injini ya maji isingejali makapi hayo. Bolti mbili za fremu zilikuwa zimelegea pia, na ungio moja la welding limepasuka, kwa sababu injini nyepesi ya silinda moja inapotetemeka haina kilo zake yenyewe za kuutuliza mtetemo. Inaupitisha kwenye fremu.

Jioni ile mzee mmoja wa kikundi, aliyekuwa hakusema neno tangu mkutano, aliniambia, “Baba, hili lidogo linataka mlezi. Lile kubwa lilikuwa linajilea.” Nimelikumbuka neno hilo kila nilipofunga injini tangu hapo.

Tulichobadilisha

Tulisimamisha kazi siku tatu. Puli ya injini ikawa ya inchi 4 na nusu, ngoma ikarudi kwenye mizunguko 840 hivi, punje zikatoka nzima. Nilipunguza kipimo cha juu cha dizeli kwenye pampu mpaka moshi ukabaki mwepesi tu mzigo unapoingia. Kwa hewa ya hapa, dizeli iliyozidi pale ilikuwa fedha inayoelea angani. Tukageuza fremu ili injini ikae upande unaotoka upepo, tukaweka kipande cha bati kati yake na mdomo wa makapi, na chujio la hewa tukalipandisha kwa bomba mpaka kimo cha kifua cha mtu. Chini ya injini tukaweka vipande vya tairi la gari, na kila bolti ikapata nati mbili.

La mwisho lilikuwa la watu. Kila magunia 50, injini inazimwa, kava linafunguliwa, mapezi yanapigwa brashi. Kijana mwendeshaji alipewa kazi hiyo na daftari lake mwenyewe, na aliifanya kwa uaminifu ambao sikuutarajia kwa mtu aliyetaka injini ya kwenye simu. Mlishaji naye alibadilishwa. Aliyekuwepo alikuwa na mkono mzito uliozoea hospawa 22. Mwenyekiti akamweka mama anayelisha polepole na bila kuacha, na injini ikaacha kulalama.

Msimu ulivyoisha

Takwimu hizi ni za daftari la katibu, kwa kikundi hiki kimoja, baada ya marekebisho. Injini ya zamani ilipukuchua magunia 35 kwa saa na kama 9 kwa kila lita ya dizeli. Mpya ilipukuchua 16 kwa saa na kama 10 kwa lita. Kabla ya marekebisho mpya hiyohiyo haikufika 7 kwa lita.

Zisomeni tena. Kwa mafuta yanayoingia kwenye injini, tofauti ni gunia moja kwa lita, na kwa saa mpya ni chini ya nusu ya zamani. Aliyetegemea injini nyepesi imwokolee dizeli mashineni angeondoka na huzuni. Vibarua wa kushona magunia walikaa muda mrefu zaidi, na walilipwa kwa muda huo.

Lakini pikapu iliitwa mara mbili tu tangu hapo mpaka Septemba. Toyo ilifika kwenye kaya za mabondeni ambazo miaka yote zilikuwa zinapiga mahindi kwa fimbo ndani ya magunia, kwa sababu hakuna aliyethubutu kushusha kilo 190 kwenye njia ile. Siku za kungoja usafiri, ambazo zamani zilikula kama siku moja katika kila wiki, ziliisha. Kwa jumla ya fedha, kikundi kilimaliza msimu na akiba kubwa kuliko mwaka uliotangulia, hata baada ya kutoa hasara ya wiki ya kwanza.

Uchambuzi

Uamuzi wa kununua injini nyepesi ulikuwa sahihi kwa sababu moja inayoweza kuonyeshwa kidole: uzito ule ulikuwa unasafiri, na kila safari ilikuwa na mtu anayeilipia. Hapo ndipo wepesi unapozaa ufanisi. Ndiyo maana Junkers waliihitaji injini yao kwenye ndege, na ndiyo maana Mazda wameirudisha Wankel mahali ambapo nafasi ni finyu. Kilo isiyosogea haili mafuta. Daftari la katibu lilikuwa limelisema hilo kabla yangu.

Kilichoharibika kinatokana na kununua injini kana kwamba ni kitu kinachosimama peke yake. Nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi haikupunguzwa kwa urefu wa mlima. Mwendo haukulinganishwa na ngoma. Mazingira ya makapi hayakufikiriwa. Haya matatu yangehesabiwa kwa penseli siku ya mkutano, kwa nusu saa, na ni mimi niliyepaswa kuyahesabu. Nilitumia muda mwingi kueleza Wankel na muda mchache kupima puli. Kwa kikundi kinachotaka kufuata njia hii, ningeanza na mashine ya kupukuchulia: ngoma ndogo inayotaka hospawa 5 au 6 ingeiacha injini hii na nguvu ya akiba, na injini isiyokimbia kwa pumzi ya mwisho muda wote huishi miaka mingi zaidi.

Maisha ya injini ndilo jambo linalonipa mashaka. Mizunguko 3,000 kwa dakika ni safari nyingi zaidi za ringi kuliko 2,200, na alumini ikichemka mara moja vibaya haisahau. Tumekubaliana oili ibadilishwe kila saa 100, na mwisho wa msimu ujao nitaifungua nipime silinda.

Ile ya zamani ilipata krenki yake mwezi wa Oktoba. Tuliimwagia zege, tukaifunga chini kwa bolti nne karibu na nyumba ya mwenyekiti, na sasa inazungusha kinu cha kusaga unga. Haijahama tangu siku hiyo. Asubuhi za baridi bado wanaichemshia maji.